Hedifoni za mgongo wazi au za kuziba: anza na chumba chako

Wengi huanza kwa kuuliza zipi zina sauti nzuri zaidi. Swali hilo lije la pili. La kwanza ni kelele za mahali unaposikilizia, kwa sababu hedifoni za mgongo wazi, zenye wavu nyuma ya kila kikombe, hazizuii kitu: feni, jenereta ya jirani, bodaboda, mazungumzo ya uani, vyote vinaingia kana kwamba hujavaa chochote kichwani. Unaweza kununua hedifoni za wazi zinazosifiwa duniani kote, ukakaa nazo kwenye sebule yenye madirisha ya luva mkabala na barabara, na usisikie hata nusu ya ulicholipia.

Tofauti iko wapi

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo yenye kiwambo kinachokwenda mbele na nyuma. Sauti ya mbele inaingia sikioni. Ya nyuma ina nguvu ileile, ila imegeuzwa, na ni lazima iende mahali. Kwenye hedifoni za mgongo wazi hutoka nje kupitia wavu na kupotea hewani. Kwenye za kuziba hugonga ukuta wa plastiki au wa mbao, na sehemu yake hurudi na kupenya kiwambo, ikafika sikioni ikiwa imechelewa kidogo. Watengenezaji hutuliza marejeo hayo kwa kuweka sifongo, pamba au vitundu vidogo vya kupumulia. Kazi hiyo ikifanywa hovyo, sauti ya mwimbaji hutoka kama anayeimbia ndani ya ndoo.

Hedifoni za wazi zina umri unaojulikana. Kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser ilitoa HD 414 mwaka 1968, za kwanza za aina hiyo kuingia sokoni.

Mgongo wazi una gharama mbili. Kwanza, anayekaa karibu nawe anasikia wimbo wako, tena maneno yote. Pili, besi ya chini kabisa mara nyingi hupungua, kwa kuwa hewa ya mbele na ya nyuma ya kiwambo hupata njia ya kukutana na kufutana. Faida yake ni kwamba ala hazisikiki zimebanwa kichwani. Zinapata nafasi, kila moja mahali pake, na masikio hayachoki haraka.

Zipo pia zinazoitwa nusu wazi, kama AKG K240 Studio. Zihesabu kuwa za wazi. Zinavujisha sauti na kuingiza kelele vya kutosha kukufanya ujute ukizitumia ndani ya daladala.

Hatua ya 1: pima kelele za mahali pako

Kaa pale unapokaa ukisikiliza, saa ileile, feni ikizunguka kwa mwendo wa kila siku. Pakua programu ya simu ya kupima desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, iache isome kwa dakika 10, kisha andika wastani, si kilele. Simu si kifaa cha maabara; nyingine hazisomi chini ya desibeli 30 hata usiku wa manane. Kwa kazi hii inatosha.

Wastani ukiwa chini ya 40, hedifoni za wazi zitakufaa. Kati ya 40 na 50 unaweza kuishi nazo, ila vipande laini vitakuwa vinamezwa. Ukipita 50, nunua za kuziba na usisikilize sifa za mtu.

Kuna mtego hapa. Programu nyingi hupima kwa mizani ya A, ambayo huipuuza mingurumo ya chini. Kama yako inaruhusu, pima tena kwa mizani ya C. C ikiizidi A kwa desibeli 10 au zaidi, chumba chako kina mngurumo: jenereta, kiyoyozi, malori ya mbali. Mngurumo huo hufunika besi kabla ya kitu kingine chochote, yaani unapiga palepale hedifoni za wazi zilipo dhaifu.

Tusidanganyane lakini: hata za kuziba haziuwezi sana mngurumo. Plastiki na sifongo huzuia vizuri sauti za juu, kama maongezi na vyombo vinavyogongana jikoni. Chini ya hezi 200 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde; zikiwa chache sauti ni nzito), kelele hupita karibu bila kuguswa. Kampuni ya Beyerdynamic huziandikia hedifoni zake za kuziba, DT 770 Pro, uzuiaji wa takriban desibeli 18, na hiyo ni miongoni mwa namba nzuri kwa hedifoni zisizotumia betri, lakini ni wastani. Usitegemee namba hiyo mbele ya jenereta. Mngurumo ukiwa ndio adui wako mkuu, tafuta zenye mfumo wa kielektroniki wa kupunguza kelele, zile zinazoandikwa ANC. Hizo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye sauti za chini, na karibu zote ni za kuziba. Hali kadhalika hedifoni za Bluetooth: ukitaka zisizo na waya, chaguo lako kwa kiasi kikubwa limeshafanywa.

Mvua juu ya bati tuiache. Hakuna hedifoni ya kusikilizia muziki inayoshindana nayo.

Kisha geuza swali: nani atakusikia wewe? Mtoto anayelala chumba kimoja nawe, mwenzako wa ofisini, abiria wa kiti cha jirani. Kama yupo, chaguo ni za kuziba hata chumba kikiwa kimya namna gani. Na kama unarekodi sauti mbele ya maikrofoni, usivae za wazi. Mdundo unaovuja masikioni mwako utaingia kwenye rekodi na hautatoka.

Hatua ya 2: tazama unachosikiliza zaidi

Taarabu ya okestra, yenye udi, kanuni, fidla na akodiani, hunufaika mno na mgongo wazi. Ala zake nyingi zinagombea sauti za kati, na nafasi kati ya ala na ala ndiyo inayokuwezesha kumfuata mpiga kanuni hadi mwisho bila kumpoteza nyuma ya fidla. Ndivyo ilivyo kwa kwaya, jazi, na magitaa ya rumba pale solo na ridhimu zinapopishana.

Singeli, bongo fleva ya sasa, hip hop na amapiano ni habari nyingine. Waya mzito wa gitaa la besi la kawaida hutoa noti ya hezi 41 hivi, na besi za kompyuta hushuka hata chini ya hapo. Hedifoni nyingi za wazi zenye spika za kawaida huanza kuteremka mahali fulani chini ya hezi 100, na zikifika 40 besi inasikika kwa mbali tu. Zinazoepuka hilo ni zile za plana, zenye kiwambo bapa kinachosukumwa na sumaku eneo lake lote, kama HiFiMan HE400se. Besi yake hushuka chini bila kukata tamaa, ingawa haina ule msukumo unaoupata kwenye kikombe kilichozibwa. Mpenzi wa singeli anayetaka mdundo wa kupiga kifuani anunue za kuziba na amalize.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kama maktaba yako imejaa rekodi za zamani za redio, nyingi ni za mono, yaani sauti ileile moja kwa masikio yote mawili. Kwenye mono mwimbaji na bendi nzima hukaa katikati ya kichwa, ziwe hedifoni za wazi au za kuziba. Bado mgongo wazi utakupa wepesi wa sauti, ila usilipie upana ambao haumo kwenye rekodi.

Hatua ya 3: hakikisha simu yako inazimudu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa kuwa baadhi ya hedifoni mashuhuri za wazi zina ukinzani mkubwa, yaani huuzuia umeme zaidi, na ukinzani hupimwa kwa omu: DT 990 Pro ya kawaida ina omu 250, Sennheiser HD 600 na HD 650 zina omu 300. Lakini omu peke yake hazikupi jibu. Unahitaji namba ya pili, unyeti, yaani sauti kubwa kiasi gani hutoka kwa umeme fulani, na uangalie imepimwa kwa miliwati 1 au kwa volti 1. DT 990 Pro huandikwa desibeli 96, HD 650 huandikwa 103. Ukizitazama hivihivi utadhani ya pili ina sauti kubwa zaidi kwa desibeli 7. Ya kwanza imepimwa kwa miliwati 1, ya pili kwa volti 1. Zikiwekwa kwenye kipimo kimoja, cha volti, zinakuwa 102 na 103. Karibu sawa.

Kubadili namba ya miliwati kuwa ya volti, ongeza hivi: omu 32 ongeza 15, omu 38 ongeza 14, omu 80 ongeza 11, omu 250 ongeza 6, omu 300 ongeza 5, omu 600 ongeza 2.

Sasa angalia chanzo chako. Simu nyingi na adapta ndogo za USB-C hutoa kati ya volti 0.5 na 1. Volti 1 inakupa namba uliyoipata hapo juu kama kilele cha juu kabisa. Volti 0.5 inapunguza desibeli 6. Adapta ya Apple ya USB-C inayouzwa Marekani hutoa takriban volti 1, ya Ulaya nusu yake, kwa hiyo uliza imetoka soko gani.

Lengo ni kilele cha desibeli 110 hivi. Si kwamba utasikiliza kwa sauti hiyo, la hasha. Muziki una vilele vinavyopanda desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani, na ukipandisha besi kwa ikwalaiza, programu ya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba, utahitaji akiba nyingine.

Chukua mfano. Audio-Technica ATH-M50x, za kuziba, zina omu 38 na desibeli 99 kwa miliwati: 99 na 14 ni 113 kwa volti 1, na hata kwa volti 0.5 unabaki na 107. Simu yoyote inazimudu. DT 990 Pro kwa volti 0.5 zinabaki na kilele cha 96. Chumbani usiku zitatosha kwa wimbo wa sasa uliorekodiwa kwa sauti ya juu. Kwa taarabu iliyorekodiwa kwa upole utafika mwisho wa kitufe na bado unataka zaidi. Hapo ndipo amplifaya (kikuza sauti) ndogo ya mezani inapohitajika. Yenye uwezo wa volti 2 hadi 3 kwenye omu 250 inatosha kabisa. Zaidi ya hapo unanunua namba za kwenye boksi. Weka gharama yake kwenye bajeti tangu mwanzo, au chagua za wazi zenye omu chache na unyeti mzuri, kama Philips SHP9500 yenye omu 32.

Ukinunua amplifaya, ukinzani wake wa kutolea sauti usizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa omu 32 hiyo ni omu 4. Ukizidi, kwenye hedifoni nyingi za spika za kawaida besi huvimba na kulegea.

Hatua ya 4: vaa, kisha bonyeza

Besi ya hedifoni za kuziba inategemea mito kugusa ngozi pande zote. Mikono ya miwani, rasta, misuko mikubwa, hijabu yenye mikunjo, hereni: kila kimoja huacha mwanya, na mwanya mdogo tu unatosha kuiondoa besi ya chini. Za wazi nazo huathirika, ila nyingi kwa kiasi kidogo kuliko za kuziba, kwa kuwa hazikujengwa kutegemea hewa iliyofungiwa.

Jaribu hivi. Piga wimbo wenye besi ya kudumu, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja kuelekea kichwani. Besi ikipanda sana, una mwanya. Pandisha miwani ili mikono yake ipite juu ya mito, au tumia miwani ya mikono myembamba. Kwa hijabu, kitambaa chembamba cha tabaka moja kilichonyooshwa juu ya sikio hakidhuru sana. Mkunjo na pini ndivyo vinavyoharibu. Misuko ihamishie nyuma ya sikio. Ikishindikana, mito ya velveti hufuata umbo vizuri kuliko ya ngozi bandia ngumu.

Kisha kuna joto. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar: mito ya ngozi bandia kwenye hedifoni za kuziba hulowa jasho mapema, hasa umeme ukikatika na feni kusimama. Kama unasikiliza saa mbili au tatu mfululizo bila kiyoyozi, hoja hii peke yake inaweza kukupeleka kwenye mgongo wazi, au kwenye za kuziba zenye mito ya velveti kama DT 770 Pro. Vaa kwa dakika 15 dukani kabla ya kuamua. Hedifoni zinazobana utosini au kwenye taya hazitaacha kubana kwa sababu umeshazilipia.

Hatua ya 5: dukani

Uwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na nyimbo zako mwenyewe zikiwa zimehifadhiwa kwenye simu, na simu utakayoitumia. Tatu au nne unazozijua kwa moyo zinatosha: moja ya sauti ya mtu na ala chache, moja yenye ala nyingi, moja ya besi nzito.

Hakiki kwanza kama za wazi ni za wazi kweli. Hedifoni kadhaa za bei nafuu zina wavu wa urembo uliobandikwa juu ya plastiki isiyo na tundu. Cheza wimbo, funika migongo yote miwili kwa viganja. Za wazi za kweli zitabadilika papo hapo: sauti itajifunga, nafasi itapotea. Zisipobadilika, ni za kuziba zilizovaa sare ya wenzao.

Unapolinganisha mbili, zisawazishe kwanza kwa ukubwa wa sauti. Sikio hupenda iliyo juu zaidi hata kwa desibeli 1 au 2, na hedifoni zenye unyeti mkubwa hushinda kwa hila hiyo tu. Rudisha kitufe kila unapobadilisha, hadi sauti ya mwimbaji iwe na kimo kilekile kwenye zote mbili.

Ukisikia mwimbaji amepotea na vyombo vya pembeni vimebaki vikielea, usizilaumu hedifoni. Pini haijaingia hadi mwisho, au adapta ya kutoka milimita 3.5 kwenda 6.35 imelegea, na waya wa pamoja haugusi. Sukuma hadi isikike imeingia. Ukiwa hapo, kagua kushoto na kulia, na zungusha waya karibu na pini. Mkwaruzo wowote ni waya uliokwisha kuchoka.

Dhidi ya feki, mzani wa jikoni husaidia. ATH-M50x zina gramu 285 bila waya, HD 600 zina gramu 260. Tofauti ya gramu chache haina neno. Tofauti ya gramu 50 ina maana sumaku au fremu si ile. Feki za hedifoni za kuziba ni nyingi zaidi, kwa sababu ndizo zenye wanunuzi wengi.

Kama pesa inatosha jozi moja tu na huna kona yako tulivu, nunua za kuziba. Za wazi ni hedifoni za mtu mwenye mlango wa kufunga na usiku wa kusikilizia.

Hatua ya 6: baada ya kununua

Usisubiri saa mia za kuzipasha moto, yaani kuzichezesha muziki mfululizo ili zilainike, kama wanavyoshauri wengine. Kinacholainika zaidi ni mito, na kinachozoea zaidi ni sikio lako. Zikikuudhi siku ya kwanza na ya tatu, zirudishe muda ukingalipo.

Besi ya hedifoni za wazi unaweza kuisaidia kwa ikwalaiza. Kwenye Android tumia Wavelet, kwenye Windows tumia Equalizer APO. Pandisha sauti zote zilizo chini ya hezi 100 kwa desibeli 4, usizidi 6, na ushushe sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho, la sivyo vilele vitapasuka. Spika ikianza kupiga kelele za kukwaruza kwenye besi, umefika kikomo chake. Rudi nyuma desibeli 2.

Panga kimo cha sauti chumba kikiwa kimya, kisha usikipandishe kelele zikija. Shirika la Afya Duniani linakadiria desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 za ziada hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Aliyevaa za wazi kando ya barabara hujikuta kwenye 89 bila kugundua, kwa kuwa analazimika kuzishinda pikipiki.

Vumbi huingia kwenye wavu wa mgongo wazi, na unywele mmoja ukigusa kiwambo huleta mkwaruzo unaofanana kabisa na spika iliyokufa. Zihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, usizilaze mgongo ukitazama juu, na usipulize kwa mashine ya hewa; tumia brashi laini kutoka nje. Kwenye za kuziba adui ni unyevu: ngozi bandia hubanduka vipande vyeusi shingoni, na pwani hutokea mapema kuliko bara. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Unapobadilisha mito, tafuta ya unene na kitambaa kilekile cha mwanzo, kwa sababu ya velveti kwenye kikombe kilichoundwa kwa ngozi hupunguza besi. Ukishaivalisha, rudia jaribio la viganja la hatua ya 4.